Kutoka shambani hadi mezani: meza ya nani?

Sisi tunaosomea ualimu tunaujua ule mchoro. Shamba, mshale, lori, mshale, soko, mshale, sahani ya wali inayofuka moshi. Tunauchora kwenye karatasi ya manila usiku kucha kabla msimamizi hajaja kututazama tukifundisha, na juu yake tunaandika kwa kalamu nene: SAFARI YA CHAKULA KUTOKA SHAMBANI HADI MEZANI. Umahiri mahususi: mwanafunzi aweze kueleza chakula kinatoka wapi. Dakika arobaini, maswali matatu, makofi ya kopakopa, kengele.

Mchoro huo una mwenyewe, na mwenyewe si mtoto wa Mtwara. Ulitungwa kwa ajili ya mtoto wa jiji kubwa, yule anayekula yai kila asubuhi na hajawahi kumwona kuku akitaga. Mtoto huyo yupo, na ana haki ya kufundishwa. Lakini hebu chukua mchoro huohuo uende nao Msimbati, au Nanyamba, au kijiji chochote cha bonde la Mto Ruvuma, umsimamishe mtoto wa darasa la nne na kumuuliza chakula kinatoka wapi. Atakuangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Kinatoka shamba, mwalimu. Kwani wewe hujui?

Mtoto huyu anajua kwamba korosho haichumwi. Unasubiri idondoke yenyewe pamoja na bibo lake, unaiokota, unaitenganisha, unaianika. Anajua ganda lake lina mafuta yanayounguza, kwa hiyo haling'atwi kwa meno. Korosho huchomwa kwanza, na anayechoma hukaa upande ambao moshi hauendi. Anaijua harufu ya salfa kwenye shati la baba mwezi wa Saba, na anajua kwamba salfa inapulizwa alfajiri wakati upepo umetulia. Kama ni wa pwani, anajua bamvua na maji mafu kuliko wewe na mimi: siku gani mama atashuka mwambani kutafuta pweza na siku gani hakuna haja ya kwenda. Anajua ming'oko inachimbwa pori gani na inavyomchosha anayeichimba. Ukimwambia mtoto huyo kwamba wali unatokana na mpunga, umempotezea kipindi.

Kwetu huku safari ya chakula haijakatika upande wa shamba. Imekatika upande wa meza. Mtoto anaona korosho ikiingia kwenye gunia, gunia likibebwa kwa baiskeli au bodaboda kwenda kwenye chama cha msingi, na hapo ndipo macho yake yanapoishia. Baba anarudi na karatasi. Baada ya wiki kadhaa pesa inaingia benki, au haijaingia, na nyumbani watu wanakuwa na furaha au wanakuwa wakali. Yaliyotokea katikati ya gunia na karatasi hakuna anayemweleza, na shule ndiyo kabisa haisemi kitu.

Nilipokuwa BTP mwaka jana, kwenye shule ya msingi moja ya wilaya hii, niliwauliza darasa la tano korosho ya kijijini kwao inaliwa na nani. Wakajibu haraka mpaka ghalani. Wengine wakafika mnadani. Mmoja, ambaye baba yake ni kuli, akafika bandarini. Halafu kimya. Mwishoni msichana mmoja wa nyuma akasema, "Wahindi." Darasa likacheka, lakini alikuwa karibu kuliko wote. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi, na ganda lake, kwenda India na Vietnam. Huko ndiko inakobanguliwa, inakotolewa lile ganda laini la ndani, inakopangwa kwa ukubwa na weupe, na kufungwa. India wenyewe wanakula nyingi, na nyingine inaendelea na safari hadi Ulaya na Marekani. Kilo nne mpaka tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya korosho ya kula. Maana yake sehemu kubwa ya mzigo unaovuka bahari ni ganda.

Mwambie mtoto wa darasa la tano jambo hilo la ganda, uone anavyoshangaa. Swali linalofuata hulazimiki kuliandika kwenye andalio la somo. Wanauliza wenyewe: "Sasa kwa nini tusibangue hapa?"

Na hapo ndipo mwalimu anatakiwa awe amesoma. Maana jibu lipo, ni la kihistoria, na limejaa majengo ambayo watoto wanayapita. Nchi hii ilijenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua korosho miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, vingi huku kusini, kwa mikopo na kwa mitambo ya Italia na Japani. Wakati mitambo inafungwa, korosho yenyewe ilikuwa inakimbia. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani kama 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini mbali na nyumba zao. Bei ikawa ndogo. Halafu ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia na kuunguza maua. Viwanda vikakosa cha kubangua, na baadaye baadhi vikageuzwa maghala. Uzalishaji ulipopanda tena hadi kupita tani 300,000 msimu wa 2017/18, mitambo ilikuwa imekwisha kuwa chuma chakavu. Wanaobangua hapa leo ni viwanda vichache, pamoja na akina mama wanaobangua nyumbani na kuuza vifuko stendi.

Hapo kuna somo la historia, la jiografia, la sayansi ya magonjwa ya mimea na la hesabu, vyote ndani ya tunda moja ambalo mtoto analo mfukoni. Sisi tunamchorea lori.

Watu wataniambia korosho ni zao la biashara, si chakula, na mada yetu ni chakula. Sawa. Tuchukue andazi.

Andazi ndilo kifungua kinywa cha watoto wengi wa shule za mjini hapa. Linauzwa saa nne kwenye ndoo ya plastiki, nje ya geti. Sasa lifuate. Ngano hailimwi Mtwara. Inalimwa Hanang, Karatu, Makete na kwingineko nyanda za juu, ila ngano nyingi tunayokula nchini inatoka nje, Urusi na Australia zikiwemo. Mafuta yaliyolikaanga, kama ni yale ya mawese ya kupimiwa, huenda yametoka Malaysia au Indonesia. Sukari labda ya Kilombero. Unga ukishasagwa Dar es Salaam unapanda lori, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, unapita Kilwa na Lindi, ndipo ufike kwa muuza duka wa Chikongola. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ile kule Kilwa, malori yalikwama, na hata mtoto aliyekuwa chekechea alisikia watu wazima wakizungumzia barabara. Kwa hiyo andazi la shilingi mia lina Urusi ndani yake, lina mchikichi wa Asia, lina daraja. Kitu pekee cha Mtwara ndani ya andazi hilo kinaweza kuwa chumvi, na hiyo chumvi watoto wa Mikindani na Msangamkuu wanaijua, kwa sababu mashamba yake yapo hapohapo ufukweni: maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha, watu wanakwangua.

Mtoto wa mkulima wa korosho anakula ngano ya mkulima wa Urusi, na mtoto wa Ulaya anakula korosho ya baba yake huyu. Sioni aibu yoyote kwenye hilo, biashara ndivyo ilivyo. Ila mtoto anastahili kujua kwamba amekaa katikati ya safari mbili, moja inatoka na nyingine inaingia, na kwamba bei za zote mbili zinapangwa na watu ambao hawajawahi kufika kwao.

Mji wetu wenyewe ni matokeo ya hadithi kama hiyo, na wanachuo wengi tunapita bandarini bila kujua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yao ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zingehitaji njia ya kutokea, kwa hiyo ikajengwa reli, ikachaguliwa Mtwara kwa sababu ya kina cha maji yake, na mji ukapimwa viwanja. Kabla ya hapo mji wa maana ulikuwa Mikindani. Mradi wa karanga ulifutwa 1951, tayari umeshindwa vibaya, hata gati la Mtwara halijakamilika. Bandari ikamaliziwa, ikabaki. Reli iling'olewa baada ya uhuru. Yaani barabara zetu pana tunazojivunia, Mtwara kuchele, zilichorwa ili Mwingereza apate cha kupaka kwenye mkate. Nionyeshe kitabu cha darasa la sita kinachomwambia mtoto wa Shangani jambo hilo kwa lugha hiyo.

Sasa nije kwenye shamba la shule, kwa sababu najua wapo wanaosema haya yote tayari yalikuwepo na yaliitwa Elimu ya Kujitegemea. Ni kweli. Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba shule ziwe pia mashamba, na wanafunzi wajifunze kwa kulima, kupanga na kuona hesabu ya walichovuna. Watu wanakumbuka neno kulima na kusahau maneno mawili yaliyobaki. Tuulizane kwa ukweli, sisi tuliosoma shule za kawaida: shamba la EK lilikuwa nini kwako? Kwangu, shule ya msingi niliyosoma, lilikuwa adhabu. Umechelewa, matuta mawili. Umeongea kilugha, matuta matano. Mahindi yaliiva, yakavunwa na sisi, na hatukuambiwa yalikuwa debe ngapi wala yalikwenda wapi. Kama kuna kitu tulijifunza kuhusu safari ya chakula kutoka shambani hadi mezani, ni kwamba meza ilikuwa ya mtu mwingine. Kwa maana hiyo lilikuwa somo zuri sana la uchumi, ila nadhani halikukusudiwa.

Ndiyo maana mzazi mmoja aliponiambia, "Mwanangu nimemleta shule aachane na jembe, wewe unamrudisha," sikumbishia haraka. Ana haki. Huku kwetu msimu wa kuokota korosho, Oktoba mpaka Desemba, unaangukia kwenye mitihani ya kufunga mwaka, na watoto wanapungua darasani. Mwalimu akija na mada ya "kilimo" bila mpango, anampa mzazi mwingine sababu ya kusema: si mnajifunza shamba, basi leo ajifunzie kwangu. Na zipo shule, tunazijua, ambako "vitendo" maana yake ni palizi kwenye shamba la mwalimu. Kwa hiyo natamka wazi: ninachokitetea hakihitaji mtoto ashike jembe hata mara moja. Jembe anaweza kulishika nyumbani bila msaada wetu. Kinahitaji mizani, daftari na bei.

Nitoe mfano ambao unaweza kumweka mwalimu pabaya, maana mifano ya raha imejaa vitabuni.

Mnaotoka huku mnajua kangomba. Kwa wageni: ni kununua korosho kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, nje ya ushirika, mara nyingi kwa mtu aliyekwama pesa kabla ya msimu. Chombo kinabeba zaidi ya kilo, kinahesabiwa kama kilo. Ni kinyume cha sheria, na kila mwaka viongozi wanaikemea, na kila mwaka ipo. Sasa tunga hesabu ya darasa la tano. Mzee Fulani mwezi wa Saba anahitaji shilingi 40,000. Mwenye pesa anampa, kwa makubaliano kwamba Novemba atalipa kangomba 40 za korosho. Kila kangomba inabeba kilo moja na robo. Je, Mzee Fulani atatoa kilo ngapi? Hamsini. Kama mnadani kilo inauzwa 3,300, kilo hizo zingempatia kiasi gani kabla ya makato? Shilingi 165,000. Ametoa ngapi kulipia deni la 40,000? Tarakimu za deni nimezitunga, lakini 3,300 sikuitunga: ndiyo bei ambayo Serikali iliitangaza Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnadani, ikasema itanunua korosho yote yenyewe na jeshi likaingia kusomba mizigo. Mtoto wa darasa la tano leo alikuwa mdogo wakati ule, lakini nyumbani kwao wanaikumbuka hadi leo.

Hesabu ni ya kuzidisha na kutoa tu. Ugumu wake uko kwingine. Darasani kuna mtoto ambaye baba yake ni huyo Mzee Fulani, na anajua. Kwenye dawati hilohilo kuna mtoto ambaye baba yake ndiye mwenye chombo. Mwalimu mjinga atauliza, "Nani kwao wanauza kangomba?" na atakuwa ameharibu kijiji. Mwalimu anayejua kazi atabaki na Mzee Fulani wake wa ubaoni na atauliza swali moja tu: kwa nini alikubali? Nimeona watoto wa miaka kumi na moja wakilijibu vizuri kuliko semina nyingi za hapa chuoni. Kwa sababu sare. Kwa sababu bibi aliumwa. Kwa sababu ghalani wanachelewa kulipa. Kwa sababu salfa ilikuwa imeisha na maua yalikuwa yanaungua. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba bei ya chakula haitokei sokoni peke yake, inatokea pia kwenye mwezi wa Saba wa mtu fulani.

Baada ya hapo mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao umekuwepo kwenye korosho tangu 2007, unafundishika kwa urahisi. Karatasi ile ya baba siyo tena ya ajabu. Imeandikwa kilo, imeandikwa daraja, na makato yapo yakiwa na majina yake: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala na mengineyo. Mtoto anayeweza kusoma karatasi hiyo kwa sauti mezani nyumbani, kwa mzazi ambaye pengine hasomi vizuri, ameshalipa ada yake, hata kama elimu ni bila ada.

Kuhusu nchi za wenzetu nitasema kidogo tu, kwa sababu tunapenda sana kuchukua mifano ya nje kisha tunaishia kwenye mfano. Brazili, huko mkorosho wenyewe ulikotoka kabla Wareno hawajauleta pwani hii, wana sheria ya mwaka 2009 ambayo ilianza kwa kutaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue chakula kutoka kwa wakulima wadogo. Kwa sheria hiyo mchoro wa shamba na mishale unakuwa na jina la mtu unayemfahamu: maharage haya yametoka kwa mama yake Fulani. Sisi tuna shule ambazo wazazi wanachangia mahindi ya uji, debe kwa debe. Ule mchango tayari ni safari ya chakula. Ukipimwa, ukaandikwa na watoto wenyewe kwenye daftari, na wakajumlisha wenyewe umeingia kiasi gani na umepikwa kiasi gani, ni somo. Usipoandikwa, ni manung'uniko kwenye kikao cha wazazi.

Na wanachuo tusijione tumemaliza. Bumu likitoka tunajaza foleni kwa mama ntilie wa getini, wali maharage na kisamvu, na siku ile bei ilipopanda tulilalamika kwenye makundi ya simu hadi usiku. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mchele anaununua wapi na kwa kiasi gani kilo. Nilimuuliza mimi, kwa ajili ya makala hii. Alicheka, akaniambia mchele anaopika ni wa kutoka mbali, ule wa bonde la Ruvuma ni mtamu lakini haumfikii kwa wingi wa kutosha. Kisha akaniuliza kama nataka kulipa au nataka kuhoji.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unazungumza umahiri, mazingira ya mtoto, mkondo wa amali. Mimi ni miongoni mwa wanaoufurahia. Wasiwasi wangu ni kwamba tutaufundisha kwa manila zilezile. Neno "mazingira ya mtoto" halina maana yoyote kama mwalimu aliyetoka Shinyanga au Moshi anapangiwa Kilambo na hakuna mtu aliyemwambia kwamba watoto mbele yake wanajua mto, mikoko, na ng'ambo ya pili yenye nchi nyingine, na ndugu zao wanaouza samaki pande zote mbili. Hilo linaweza kurekebishwa hapahapa chuoni bila kusubiri wizara. Kabla ya kwenda BTP kozi yetu inatupa wiki nzima ya kujifunza kujaza azimio la kazi. Tupewe na siku moja ya kwenda kuona mnada wa ufuta au mbaazi, kukaa na karani wa chama cha msingi, kutazama mizani inavyosomwa. Bodi ya Korosho makao yake ni hapa mjini. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ambacho kazi yake ya korosho inajulikana nje ya mipaka ya nchi, ni safari fupi ya daladala. Ni aibu kidogo kwamba tunahitimu ualimu Mtwara bila kugusa geti la Naliendele.

Na upande wa bahari kuna somo ambalo naona ni tamu kuliko yote, na sijamwona mtu analifundisha. Vijiji vingi vya mwambao wa Ruvuma vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Watoto wa huko hifadhi wanaijua kama kitu cha makatazo: nyavu hizi zisitumike, hapa pasivuliwe. Lakini chukua pweza. Anaishi muda mfupi, kama mwaka mmoja hivi, na anakua haraka mno. Songosongo kule Kilwa waliwahi kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa, wakaifungua, ili wavue pweza waliokua. Mtoto ambaye mama yake anashuka mwambani kila bamvua anaweza kufanya hesabu hiyo: pweza wa robo kilo leo, au yuleyule baada ya miezi mitatu? Halafu amfuate pweza huyo kwa mnunuzi, kwenye barafu, kiwandani, mpaka kwenye sahani ya mtu wa Italia au Hispania. Halafu aulize tena lile swali la msichana wa nyuma.

Wanaopangiwa Msimbati, Nalingu au Msangamkuu mwaka huu, kama mnataka kulijaribu: msiweke kipindi hicho Jumatatu kwa sababu tu ratiba inasema Jumatatu. Waulizeni watoto bamvua ni lini, na muombe kwa mwalimu mkuu mbadilishane vipindi wiki hiyo. Mama mmoja aliyerudi mwambani, akiwa na pweza wake kwenye kikapu na mizani ya kuazima dukani, atawafaa kuliko manila. Mlipeni pweza wake kwa bei anayolipwa na mnunuzi, na watoto waiandike.